Gari lililotumika na mkanda wa taimingi: namna ya kuamua ubadilishwe lini

Vitu vingi kwenye gari hukuonya kabla havijaharibika. Breki hulia, betri huchoka asubuhi, klachi huanza kuteleza mlimani. Mkanda wa taimingi hauna adabu hiyo. Huzunguka kimya mpaka dakika ya mwisho, kisha hukatika gari likiwa mbioni, na kwa injini nyingi valvu na pistoni hugongana papo hapo. Kwa hiyo ukinunua gari lililopitia mikono ya wengine, usitegemee masikio kukuambia kitu. Unachohitaji kujua ni mkanda uliomo sasa ulifungwa lini, gari likiwa na kilomita ngapi, na kuna ushahidi gani. Pasipo ushahidi mimi nauhesabu mkanda kuwa umekwisha, hata gari liwe limeng'arishwa namna gani.

Kwa wasiokijua kifaa chenyewe: ni mkanda wa mpira wenye meno upande wa ndani, umetiwa nyuzi za kioo zinazoupa nguvu, na unaunganisha kranki iliyo chini, inayozungushwa na pistoni, na kamshafti iliyo juu, inayofungua valvu. Kranki ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufunga mara 25 kwa sekunde, na kila mara pistoni inatakiwa iwe mahali pake. Mkanda ukiruka jino moja tu, injini hupoteza nguvu na kutetemeka. Ukikatika, kamshafti husimama na kranki huendelea kuzunguka.

Usiuchanganye na fani belti, ule mkanda wa nje unaozungusha alteneta na kompresa ya esii. Huo unaonekana ukifungua boneti, na ndio unaopiga kelele asubuhi. Wa taimingi umefichwa nyuma ya kava.

Hatua ya 1: Hakikisha injini ina mkanda, si cheni

Jina la gari halitoshi. Corolla ya miaka ya 1990 yenye injini 4A-FE ina mkanda, lakini Corolla iliyofuata yenye 1ZZ-FE au 1NZ-FE ina cheni. RAV4 ya kwanza yenye 3S-FE ina mkanda. Ya pili, 1ZZ-FE au 1AZ, ina cheni. Honda CR-V ya kwanza, B20B, ni mkanda, na ya pili yenye K20A au K24A ni cheni. Subaru Forester za injini za EJ ni mkanda, za FB ni cheni. Ukija kwa Prado ndiyo kabisa: 1KZ-TE, 1KD-FTV na 5VZ-FE zina mkanda, ilhali 2TR-FE na 1GR-FE zina cheni, na kwa nje unaweza usiione tofauti.

Kwa hiyo tafuta namba ya injini, yaani alama kama hizo za 4A-FE, si mwaka wa gari. Kwenye magari mengi ya Toyota iko kwenye kibati kilichopigwa misumari chumba cha injini, pamoja na namba ya chesisi na rangi. Kwenye mengine imechongwa kwenye bloku. Ukiwa nayo, angalia kitabu cha matengenezo cha injini hiyo. Ukitaka kuhakikisha kwa macho, tazama upande wa puli: injini ya mkanda mara nyingi ina kava za plastiki zilizoshikwa na bolti ndogo au klipu. Ya cheni ina kava la alumini lililozibwa kwa gasketi au silikoni, kwa sababu ndani yake kuna oili.

Kuna aina ya tatu inayowachanganya hata mafundi: mkanda unaozunguka ndani ya oili. Ford EcoBoost ya lita 1.0 na PureTech ya lita 1.2 ya Peugeot na Citroën, zile za mwanzo, ni za namna hiyo. Hapo oili isiyo ya kiwango kilichotajwa na mtengenezaji, au iliyokaa muda mrefu kupita kiasi, hula mpira, na vipande vyake huenda kuziba chujio la pampu ya oili kule sampuni, bakuli la oili chini ya injini. Injini inaweza kufa kwa kukosa oili kabla mkanda haujakatika. Gari la aina hiyo likikosa rekodi ya oili, mimi ningeliacha kwa muuzaji.

Ukikuta cheni, unaweza kuishia hapa. Cheni haina ratiba ya kubadilishwa kwenye injini nyingi. Badilisha oili kwa wakati, na usikilize kama kuna mlio wa kugongagonga kwa sekunde chache injini inapowaka ikiwa baridi.

Hatua ya 2: Jua hasara itakuwa kubwa kiasi gani

Kuna injini ambazo valvu zikifunguka kabisa huingia kwenye nafasi ambayo pistoni nayo huifikia. Hupishana kwa zamu, na anayewapangia zamu ni mkanda. Mkanda ukikatika, valvu zilizobaki wazi hupigwa na pistoni na kupinda. Wakati mwingine pistoni hutoboka au silinda hedi, sehemu ya juu ya injini yenye valvu, huharibika. Kuna injini nyingine ambazo nafasi hizo hazikutani. Hapo gari huzima tu, unafunga mkanda mpya, unaendelea na safari zako. 4A-FE, 7A-FE na 3S-FE zinajulikana kwa upole huo. Dizeli karibu zote ni za kugongana, kwa kuwa mgandamizo wao ni mkubwa na pistoni hupanda karibu sana na hedi.

Jambo hili hubadilisha haraka yako, halibadilishi uamuzi wenyewe. Hata injini ya upole ikizima katikati ya barabara ya mwendo kasi usiku, unapoteza msaada wa usukani, na wa breki baada ya kukanyaga mara chache. Na usikopeshe sifa ya injini moja kwa ndugu yake. Herufi moja ikibadilika mwishoni mwa namba, hedi inaweza kuwa nyingine kabisa.

Hatua ya 3: Tafuta ratiba, usome namba zote mbili

Ratiba ya mtengenezaji huwa na kilomita na miaka, na kinachofika kwanza ndicho kinachohesabika. Watu hukariri kilomita na kusahau miaka. Injini nyingi za zamani hupewa kilomita 100,000. Nyingine hufika 150,000 au zaidi. Upande wa muda, ratiba nyingi huangukia kati ya miaka 5 na 10. Mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa, na gari lililosimama miaka mitatu uani si gari lililotunzwa.

Kisha soma safu ya matumizi magumu, ile ambayo wengi huiruka. Kwa injini zake za V6, Honda imewahi kutoa ratiba ya maili 105,000, kama kilomita 169,000, kwa matumizi ya kawaida. Gari likiendeshwa mara kwa mara kwenye joto la zaidi ya nyuzi 43, namba hiyo inashuka mpaka maili 60,000, kama kilomita 97,000. Mkanda uleule, injini ileile. Joto peke yake limekata zaidi ya theluthi.

Foleni nayo haionekani kwenye dashibodi. Piga hesabu: kilomita 100,000 kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa ni saa 2,000 za injini kufanya kazi. Kilomita hizohizo kwa wastani wa 20 kwa saa, ambao ndio mwendo wa gari la foleni, ni saa 5,000. Mkanda unahesabu mizunguko, hauhesabu barabara. Kama gari limeishi mjini, mimi hupunguza robo ya ratiba bila kusubiri kuambiwa.

Hatua ya 4: Kusanya ushahidi

Hapa ndipo gari lililotumika linapotofautiana na jipya, na hapa ndipo inafaa utumie muda wako mwingi.

Anza na karatasi. Risiti nzuri inataja namba ya gari, tarehe, kilomita na vifaa vilivyofungwa kimoja kimoja. Risiti iliyoandikwa "sevisi kubwa" bila maelezo haisemi kitu. Kauli ya muuzaji kwamba "huo umebadilishwa juzi tu" haina uzito wowote mpaka ajibu maswali mawili: alibadilisha fundi yupi, na pamoja na mkanda kilibadilishwa nini kingine? Aliyelipa mwenyewe kwa kazi hiyo huwa anakumbuka, kwa sababu si kazi ya bei ndogo.

Halafu fungua boneti utafute stika. Magari yaliyotoka Japani mara nyingi hubandikwa kibandiko kidogo kwenye kava la taimingi, kwenye fremu ya mbele au pembeni mwa mlango wa dereva, kikionyesha tarehe na kilomita za siku mkanda ulipobadilishwa. Tarehe inaweza kuwa kwa kalenda ya enzi za wafalme wao, basi usiishangae. Enzi ya Heisei, inayoandikwa kwa herufi H, unaongeza 1988. Ya Reiwa, herufi R, unaongeza 2018. Ukikuta H26.5.12 na 92,300 km, maana yake ni tarehe 12 Mei 2014, gari likiwa na kilomita 92,300. Sasa linganisha na odometa. Ikisoma 81,000, umegundua jambo jingine kabisa kuhusu muuzaji wako.

Kwenye dizeli za Toyota kuna taa ya dashibodi iliyoandikwa T-BELT. Huwaka gari likifika kilomita zilizopangwa, 100,000 au 150,000 kutegemea soko lililolengwa. Ni msaada mzuri kwa aliyelinunua gari likiwa jipya. Kwa mnunuzi wa pili haina ushahidi wa kutosha, kwa kuwa inazimwa kwa utaratibu mfupi bila mtu kugusa mkanda. Taa iliyozimika inaonyesha tu kwamba kuna aliyeizima.

Mwisho, soma bolti. Bolti za kava na za puli ya kranki ambazo hazijawahi kuguswa huwa na kutu au vumbi lililoshikamana sawasawa, na pembe zake hazina mikwaruzo ya soketi. Pampu ya maji inayong'aa kwenye injini iliyochakaa ni dalili njema. Bolti zote zikiwa na vumbi la miaka, na muuzaji anasema kazi ilifanyika mwaka jana, amini vumbi.

Hatua ya 5: Fungua kava la juu utazame

Kwenye injini nyingi kava la juu hutoka kwa bolti chache. Injini iwe imepoa, ufunguo umetolewa, gia iwe huru na breki ya mkono imevutwa. Chukua tochi. Ukitaka kuona mkanda wote, zungusha kranki kwa spana kwenye bolti ya puli, kuelekea upande injini inakozungukia. Nyingi huzunguka kama akrabu za saa ukizitazama upande wa puli, lakini Honda za B, D, F na H huzunguka kinyume chake. Ukitoa plagi, kuzungusha kunakuwa kwepesi.

Tazama mgongo wa mkanda: nyufa, au ung'avu kama plastiki iliyopashwa moto. Tazama kingo: nyuzi zilizochomoza humaanisha mkanda unakwaruza mahali, pengine beringi ya tenshena (puli inayoukaza mkanda) imelegea na puli imepinda. Pinda kipande taratibu kwa kidole uone mashina ya meno, maana ufa wa hatari huanzia hapo. Kisha pitisha kidole kwenye ukingo wa ndani wa kava. Kikirudi na oili, kuna sili ya kamshafti au ya kranki inayovuja. Ukiona ukoko mweupe au wa rangi chini ya pampu ya maji, pampu imeanza kutoa maji kupitia kitundu chake.

Ukiona kasoro yoyote kati ya hizo, uamuzi umeshatoka: badilisha, na gari lisitembee mpaka hapo. Usipoiona, hujathibitisha lolote. Mikanda ya kisasa imetengenezwa kwa mpira mgumu kuliko ya zamani, na inaweza kufika mwisho wa maisha yake ikiwa bado haina ufa hata mmoja. Fundi anayechungulia na kusema "huu bado sana" anakupa maoni kuhusu sura ya mkanda. Umri wake hajauona.

Hatua ya 6: Toa uamuzi

Ushahidi upo, na tarehe pamoja na kilomita zote ziko chini ya nusu ya ratiba: uache. Andika siku utakayoufikiria tena.

Ushahidi upo, kilomita ni chache lakini miaka imepita: badilisha. Hili ndilo kundi linalowanasa watu wengi, magari ya "mtu mzee aliyeendea kanisani tu".

Ushahidi upo na imebaki kama moja ya tano ya ratiba: subiri kama hakuna safari ndefu wala kazi nyingine. Ila kama pampu ya maji, sili ya mbele au gasketi ya hedi inafunguliwa, funga mkanda mpya siku hiyohiyo. Malipo makubwa ni ya kufungua na kufunga, nayo umeshayatoa.

Ushahidi haupo: badilisha kabla gari halijaanza kazi ya kila siku. Chukua gari la miaka 14 lenye odometa ya 78,000, limesafishwa injini, halina karatasi. Ukiamini odometa, ratiba ya kilomita haijafika; ya miaka imepita zamani. Usipoiamini, zimepita zote mbili. Njia zote mbili zinakupeleka gereji, kwa hiyo huna haja ya kubishana na muuzaji juu ya odometa. Unachobishana naye ni bei, kwa sababu gharama ya kazi hii inapaswa kutoka kwenye bei ya gari. Ulizia gharama hiyo kabla hujaenda kupatana.

Hatua ya 7: Nunua seti, usinunue mkanda peke yake

Mkanda mpya juu ya beringi iliyokwisha zunguka kilomita 100,000 ni pesa iliyotupwa. Tenshena na puli za kuongozea zinabadilishwa pamoja nao. Pampu ya maji pia, ikiwa inazungushwa na mkanda huohuo, pamoja na sili za kamshafti na kranki. Tenshena ya majimaji ikiwa imelowa oili, hiyo imeshakufa.

Mitsubishi zenye mihimili ya kusawazisha mtetemo, kama 4D56 na 4G63 nyingi, zina mikanda miwili. Ule mdogo ukikatika unaweza kuingia kwenye meno ya ule mkubwa ukauchomoa. Ukiona fundi amenunua mmoja, muulize wa pili uko wapi.

Spea za bandia zipo nyingi kwenye eneo hili. Nunua kwa namba ya injini na ya chesisi, kutoka kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa, na ukague namba iliyochapwa kwenye mkanda ifanane na ya boksi. Aisin, Gates, Dayco, Continental na INA ni majina ya kuaminika, ilimradi kilicho ndani ya boksi ndicho kilichoandikwa nje. Mkanda uliokunjwa kwa pembe kali, uliogeuzwa ndani nje au uliokaa kwenye mafuta usiupokee. Nyuzi zake zinaweza kuwa zimevunjika ndani bila alama.

Hatua ya 8: Simama karibu wakati wa kufunga

Huna haja ya kujua ufundi wote, lakini kuna mambo machache unayoweza kuyatazama mwenyewe. Injini iwe imepoa. Kabla mkanda wa zamani haujatoka, alama za kranki na za kamshafti ziwe zimelingana na alama za injini. Piga picha kwa simu. Mkanda ukiwa nje, asiwepo mtu wa kuzungusha kamshafti au kranki ovyo, maana kwenye injini ya kugongana valvu hupinda hata kwa mkono. Maji yakimwagika kutoka kwenye pampu, yafutwe kabla mkanda mpya haujafungwa.

Kisha jambo ambalo fundi mwenye haraka huliruka: baada ya kufunga na kukaza tenshena, kranki izungushwe kwa spana mizunguko miwili kamili, na alama zitazamwe upya. Ikikwama njiani, isilazimishwe; kuna alama iliyokosewa. Gari lisipigwe stata kabla ya hapo. Bolti ya puli ya kranki ikazwe kwa kipimo cha kitabu, kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kuwa puli inayolegea huharibu kichwa cha kranki.

Dai urudishiwe vifaa vya zamani. Zungusha beringi kuukuu mkononi: ikikwaruza au ikizunguka bure kama haina grisi, umeona ulichokiepuka. Andika tarehe na kilomita kwa kalamu isiyofutika, ubandike kwenye kava, na risiti iende kwenye faili la gari. Baada ya wiki moja au mbili za kutembea, chungulia chini ya pampu na pembeni mwa kava kama kuna unyevu.

Ukikatika kabla hujauwahi

Injini huzima ghafla. Ukipiga stata, huzunguka kwa wepesi usio wa kawaida, bila ule mvuto wa mgandamizo, na haishiki. Acha mara moja. Kila jaribio la pili na la tatu linaongeza valvu zilizopinda, na kulisukuma gari ili liwake ni kuharibu kwa mikono yako mwenyewe. Livutwe likiwa gia huru, na kama ni la otomatiki lipakiwe kwenye gari la kubebea. Kabla ya kukubali kufungua hedi, mwambie fundi afunge mkanda upya kwa alama, azungushe kranki kwa mkono, kisha apime mgandamizo wa kila silinda. Silinda zote zikisoma vizuri, umeponea. Moja ikisoma sifuri, valvu zake zimepinda, na sasa linganisha gharama ya hedi na ya injini nyingine iliyotumika. Ukichagua injini nyingine, ibadilishie mkanda ikiwa bado iko chini, kabla haijaingia kwenye gari, kwa sababu historia yake nayo huijui.